Nyasi Juu ya Keiso

Aune hakuwa na baba, kwa kuwa vita vilimchukua. Hakuwa na viatu vya kiangazi, hakuwa na ndugu wa kusaidiana naye kazi, wala hakuwa na ruhusa ya kwenda kucheza kabla kazi ya mtaro haijaisha. Kila asubuhi alikunywa uji wa shayiri, akachukua uma wa shambani, akamfuata mama yake, Lempi, kwenye mtaro uliotenganisha malisho yao na kinamasi cha Haapasuo.

Mama alizoa matope, Aune akaokota keiso. Huo ni mmea wa majimaji wenye maua meupe mazuri na mzizi mnene. Ukiupasua mzizi, ndani una vyumba vyumba, na harufu yake ni tamu kama ya karoti changa. Hapo ndipo watoto na ng'ombe hudanganyika, maana kipande kidogo tu humwangusha fahali. Kila mwaka mama alimkumbusha kuwa mizizi yote ipelekwe juu kwenye mwamba, ikauke, ichomwe.

Kiangazi hicho chumba chao cha nyuma kilikuwa na wageni: Bibi Palaga, mkimbizi kutoka jimbo la Karelia lililotekwa vitani, na mjukuu wake Mitro. Kati ya mali yote waliyokuwa nayo kwao, walifika na ng'ombe mmoja, Heluna, waliyetembea naye siku nyingi barabarani. Palaga alimkamua huku akimsimulia habari za nyumbani, kana kwamba na ng'ombe alikuwa akipakumbuka.

Siku ya kuamkia sikukuu ya katikati ya kiangazi, watoto wa kijiji walipita na kuni za moto mkubwa wa ufukweni. Mama alikuwa amekwenda kupeleka maziwa.

"Aune, mtaro huo umekuposa?" aliuliza Kerttu, na wenzake wakacheka.

Lundo moja la mizizi lilikuwa bado halijabebwa. Aune alitazama mwamba ulivyo mbali, akatazama watoto wakitokomea. Akakata nyasi mbichi, akalifunika lundo vizuri ili mama akichungulia kutoka langoni aone nyasi tu. Kisha akakimbia.

Asubuhi Mitro alimfungulia Heluna. Malisho yalikwisha kuliwa hadi udongoni, na lile lundo lilinukia ubichi. Haukupita muda mrefu, ng'ombe alipiga magoti, akatoa povu, akasaga meno, miguu ikipiga ardhi. Palaga alikaa chini, akakipakata kile kichwa kizito hadi kilipotulia. Aune alisimama kando ya banda. Alijua.

Mzee Vihtori, aliyesimamia makazi ya wakimbizi, alikuja na kusimama mbali, leso puani.

"Lempi, dada yangu, mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Lakini hii ni tauni. Bibi huyu aondoke kabla ng'ombe wetu nao hawajalala chini."

"Ng'ombe wangu hakuwa mgonjwa," alisema Palaga. "Amevuka nchi nzima kwa miguu yake."

"Na magonjwa ya nchi nzima kayabeba."

Mama alimgeukia binti yake, akamuuliza kama keiso aliichoma yote.

"Yote, Mama."

Watu wazima walipokuwa wakichimba shimo la kumzika Heluna, Aune aliisukumia mizizi iliyobaki mtaroni.

Mkokoteni wa kuwapeleka Palaga na Mitro stesheni ulikuja wiki hiyo hiyo. Watu walichungulia madirishani, hakuna aliyetoka kuaga. Palaga alimwita Aune, akamtia mkononi glavu za sufu alizomfumia. "Baridi ya kwenu haina huruma, binti yangu," alisema. "Mungu akukuze."

Mkokoteni ulipopotea, Aune alishindwa kuzivaa wala kuziweka chini.

"Mama, nilifunika mizizi kwa nyasi."

Mama alitua ndoo. Hakumpiga. Alimshika mkono hadi kwa Mzee Vihtori, akamwambia arudie mbele ya watu wote waliokuwapo. Aune akarudia. Vihtori alikohoa, akasema yaliyopita yamepita, na kwamba kile chumba kimekwisha kupewa familia nyingine. Kuomba radhi hakuomba.

Jioni mama alitangaza kuwa ng'ombe wao pekee wa maziwa, Omena, angepelekwa kwa treni kwa Bibi Palaga. Majira ya baridi wangekunywa maziwa ya kuomba. Aune alilia.

"Lia, lakini nisikilize," alisema mama. "Uchovu si dhambi. Ungeniambia lundo limebaki, ningelibeba mwenyewe. Sumu inayoonekana hata mtoto huiepuka. Wewe uliifunika kwa chakula. Mitro naye hutafuna kila mzizi anaouona. Tungeweza kumzika yeye. Na bado ulimwacha mwanamke yule aondoke na jina baya, nawe unajua ukweli."

Aune alimwandikia Palaga barua kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika kuhusu lundo, nyasi na uongo. Hakuandika neno la kujitetea. Mama aliisoma, akairudisha bila kuongeza kitu. Hawakujua kama Palaga angejibu.

Aune alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akamkabidhi tarishi.