Kindege Juu ya Kioo cha Simu

Mama Dobi alifua shuka za nyumba ya wageni tangu alfajiri. Mgongo ulimuuma. Kila baada ya muda alifuta mikono, akatoa simu mfukoni na kuitazama. Simu ilikuwa kimya.

Mume wake alikuwa amelazwa hospitali ya mji wa jirani, amepasuliwa tumbo. Muuguzi alimwambia, "Nenda kazini, mama. Akiruhusiwa tutakupigia." Tangu hapo alikuwa akisubiri. Usingizi haukuja, na chakula hakikupita.

Mchana wifi yake aliingia uani. Alikuwa bado amevaa koti la duka la dawa anakouza. Hakuketi.

"Wifi, kaka ameruhusiwa tangu jana. Amekaa kwenye benchi na mfuko wake. Wanakupigia, hupatikani. Leo ndiyo wamenitafuta mimi."

Mama Dobi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Sipatikani vipi? Simu ninayo, na chaji imejaa. Hata bafuni naenda nayo."

"Hebu niione." Wifi alikitazama kioo, kisha akashusha pumzi. "Unaiona hii ndege hapa juu?"

"Naiona. Nilidhani ni pambo."

"Si pambo. Ukiona ndege, simu imekatwa mtandao. Hupigi wala hupigiwi."

"Nani ameikata?"

"Wewe mwenyewe, bila kujua."

Mama Dobi alikumbuka. Juzi aliishika simu kwa vidole vyenye povu. Vialama vikashuka kwenye kioo, naye akavipangusapangusa tu.

"Telezesha kidole toka juu kwenda chini," wifi alisema. "Sasa gusa hiyo ndege."

Ndege ikatoweka. Mahali pake vikatokea vijistari vinavyopanda kama ngazi. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine.

"Vijistari hivyo ni mtandao. Vikiwa vingi, unapatikana vizuri. Sasa mpigie."

Mumewe alipokea. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilidhani umenichoka," alisema.

"Nimechoka, baba. Lakini sijakuchoka wewe. Nakuja sasa hivi."

Ndani ya gari, wifi akiwa kando yake, mikono ya Mama Dobi ilikuwa bado inanuka sabuni. Aliishika simu mapajani.

"Nifundishe na hizi alama nyingine, yasinikute tena."

"Hii ni betri. Ikiwa nyekundu, tafuta umeme. Huu mwezi mwembamba ukitokea, simu inapokea lakini hailii, kwa hiyo uguse uondoke. Na hii kama upepeo uliofunguka ni wifi, ya intaneti."

"Wifi si wewe?"

"Mimi sikatiki," alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili walicheka kidogo.

Wakamkuta mgonjwa ameegemea ukuta. Alinyoosha mkono, mkewe akaushika.

Wiki iliyofuata walisubiri simu ya daktari, kupewa siku ya kutoa nyuzi. Mama Dobi alisimama mlangoni, nguo zimelowa, macho kwenye kioo.

"Huko juu kuna nini?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Vijistari vimejaa. Betri ipo. Ndege hakuna, mwezi hakuna."

"Basi njoo ujilaze. Wakipiga, tutasikia."

Aliiweka simu katikati yao, akajilaza. Ilipolia, mumewe ndiye aliyepokea. Mkewe alikuwa amelala fofofo.