Wa Sita Anachechemea

Katika mchezo ule wa kompyuta mbwamwitu walikuja watano kila mara. Hawakuja wanne, hawakuja saba. Dafina alikuwa amewahesabu miaka miwili, jioni kwa jioni, yeye na kaka yake Metodi, na angeweza kukueleza tabia ya kila mmoja: yule mweusi anayetangulia, wale wawili wa rangi ya majivu wanaozungukia kushoto, wale wadogo wawili wanaosubiri mtu achoke. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, alipoona kivuli kingine kimesimama nyuma ya misonobari, alidhani ni kompyuta imechoka. Akafuta skrini kwa mkono wa sweta. Kivuli kikabaki palepale.

"Kaka, wapo sita," alisema kwenye maiki.

"Hesabu ulipata ngapi shuleni wewe?"

"Wapo sita. Wa mwisho anachechemea."

Metodi alicheka, lakini hakucheka sana. Alikuwa ndani ya lori lake, ameegesha kwenye yadi ya ghala moja nje ya mji wa Graz, nchi ya ugenini, anasubiri Jumatatu wamshushie shehena ya vigae. Mlinzi alikuwa amefunga geti na kwenda zake kwao. Metodi alibaki peke yake na laptopu juu ya magoti, naye dada yake alikuwa kijijini kwetu, kwenye milima ya Rodopi, masafa ya siku nzima ya barabara.

Mchezo wenyewe unakutupa kwenye nchi ya theluji bila chochote, nawe ujitahidi usife. Ukifa, umekufa, kila ulichojenga kinafutwa. Wao walikuwa wamefika siku ya mia tatu na kumi na moja. Watu wazima kuhangaika na mchezo huenda kukakuchekesha, ila tangu mama yao afariki na Metodi aingie barabarani, hawakuwa na mahali pengine pa kukutana. Kwenye simu waliulizana umekula, nimekula, basi. Huko kwenye theluji, wakichanja kuni na kuyeyusha barafu ya maji, Metodi alimweleza dadake mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine. Dafina alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na hakuona haya kulisema.

Wanaoujua mchezo hawakimbii. Anayekimbia ameliwa. Unawasha mwenge, unaegemeza mgongo kwenye mwamba, unamsubiri kiongozi asogee, unampiga yeye, na ujasiri wa kundi zima unakatika. Walifanya hivyo. Metodi alimlenga mweusi begani, wale watano wakatawanyika wakilia. Wa sita hakwenda. Alikaa kitako pembeni ya mwanga, akiwatazama kama mbwa anayesubiri mwenyewe amalize kula. Metodi akamrushia mwenge, ukapita ukaangukia thelujini na kuzimika.

Hapo ndipo Dafina aliposikia kucha. Ndani ya mchezo hatua zote ni za kwenye theluji, sauti laini ya kitu kinachodidimia. Hizi zilikuwa kucha juu ya kitu kigumu. Tak, tak, tak, halafu kimya pale ambapo ya nne ingepaswa kusikika.

"Unaisikia hiyo?" alinong'ona.

Metodi alipunguza sauti ya laptopu. "Nilidhani ni kwako," alisema.

"Kwangu kuna zulia."

Sasa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana kosa lilifanyika Alhamisi. Huku kwetu katikati ya Novemba zipo siku za mbwamwitu. Siku hizo hatumtaji kwa jina. Wanawake hawashoni wala hawafumi, na mikasi hufungwa kwa uzi mwekundu ili vinywa vya huko msituni vibaki vimefumbwa. Nguo iliyoshonwa siku hizo, atakayeivaa amekwisha kuwekewa alama. Siku ya mwisho ni ya kilema, yule anayefuata nyuma ya wenzake na kushiba hashibi. Cheka ukitaka. Mimi pia nilicheka nilipokuwa kijana, wakati bado nina mbuzi.

Dafina hakuwa wa kucheka. Mikasi ya Bibi Stoyna, nyanya yao, aliifunga yeye kwa mkono wake. Kule posta anakofanya kazi alikataa hata kumkatia mteja kamba ya kifurushi, akamwambia akaikate kwake na dhambi iwe yake. Halafu jioni ileile ya Alhamisi akaketi mbele ya kompyuta, akachukua mkasi wa ndani ya mchezo, akakata ngozi tano za mbwamwitu na kumshonea kaka yake koti. Saa sita za mchezo zilipita sindano ikichoma ngozi masikioni mwake. Koti hilo lina sifa huko, eti wanyama humwogopa anayelivaa. Kwamba huko nako ni kushona, halikumpitia kichwani hata mara moja, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimegusa kitufe tu. Alimkabidhi Metodi, Metodi akalivaa, akamshukuru, akasema sasa anafanana na marehemu babu.

Jumapili asubuhi Metodi alipiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. Alisema ukungu umejaa yadini hata haoni kioo chake cha pembeni. Alisema kabini inanuka manyoya yaliyoloa, na hita alikwisha kuizima akidhani ni yenyewe. Kwenye vidato vya kupandia kulikuwa na mikwaruzo mitatu mitatu, mipya, chuma kiking'aa ndani yake. Usiku alilivua koti kwenye mchezo akalitupa motoni, akaliona likiungua lote. Asubuhi alipoufungua mchezo, alikuwa amelivaa tena. Mlinzi hapokei simu na geti ni la umeme.

"Piga polisi," Dafina alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba nimevaa koti?"

Dafina alikwenda jikoni akamweleza Bibi yote. Bibi Stoyna ndiye ambaye kina mama wa hapa humpelekea watoto walioshtuka. Huyeyusha risasi, ile metali laini ya kijivu, kwenye kijiko cha chuma, akaimimina katika maji baridi juu ya kichwa cha mtoto, na umbo linalotokea ndilo lililomtisha. Alisikiliza huku anakatakata kabichi ya kutia kwenye pipa la chumvi, mpaka akaacha kukata.

"Nani alishona?"

"Mimi, Bibi."

Bibi hakumkemea, na hilo lilimtia Dafina hofu kuliko makelele yoyote. Kikongwe alileta shati la zamani la Metodi, akalitandaza, akaweka bakuli la maji juu yake na kuyeyusha risasi kwenye jiko la kuni. Siku zote risasi hulia inapoingia majini, hupasuka na kutawanyika kama njegere. Safari hii ilizama kimya ikiwa kipande kimoja. Dafina aliona kichwa, akaona mgongo, akahesabu miguu mitatu. Bibi akafunika bakuli kwa kitambaa.

"Kaka yako amekwisha kulivaa koti la kilema," alisema taratibu, asisikike nje ya chumba. "Aliyevaa havui. Aliyeshona ndiye anayeweza kumvua. Ila ukilitoa mgongoni kwake, halikubali kukaa tupu. Lazima mwingine alivae."

"Nitalivaa mimi."

"Una miaka ishirini na sita," alisema Bibi, kama mtu anayemkatalia mtoto chumvi.

Saa tisa alasiri ukungu ulikuwa umeshuka na huku kwetu pia. Dafina aliwasha kompyuta, akavaa hedifoni, akamkuta Metodi kwenye theluji amesimama chini ya mwamba bila mwenge. Wale watano walikuwa wamelala chini pande zote, vichwa juu ya miguu, hawangurumi wala hawaondoki, na kati yao na kaka yake alikuwapo yule wa sita.

"Dafi," Metodi alisema, pumzi tupu. "Yuko juu ya paa."

"Usikimbie. Humu wala huko. Usifungue mlango."

"Anashuka upande wangu."

Dafina akaanza kutembea, polepole kama walivyofundishana, bila kuwapa mgongo na bila kuwatazama machoni, akiwapita wale watano mmoja baada ya mwingine mpaka manyoya yao yakagusa ukingo wa skrini, na kadiri alivyosogea ndivyo hedifoni zilivyojaa kucha zikikwangua bati, na pumzi nzito yenye kikohozi ndani yake, na sauti ya kaka yake akisali sala ya utotoni ambayo mama yao aliwafundisha na ambayo alikuwa ameisahau nusu, akirudia maneno manne yaleyale, mpaka kitasa cha mlango wa lori kikaanza kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, bila haraka, kama kinachojaribiwa na mtu ambaye hajazoea kutumia mkono. Akabonyeza. Koti likatoka mgongoni kwa Metodi na kuingia kwenye mfuko wa Dafina wa mchezoni. Yule kilema akageuza kichwa, akamtazama, si yule mtu wa mchezoni, bali Dafina mwenyewe kwenye kiti chake.

Mkono ukamvua hedifoni. Bibi alikuwa nyuma yake, amejitanda shali, vidole bado vinanuka kabichi.

"Nipishe hapo. Nionyeshe pa kubonyeza nilivae."

"Bibi, hapana."

"Sikukuuliza. Hiki ndicho? Haya. Sasa toka, funga mlango, mpigie kaka yako, na usimwache peke yake kwenye simu mpaka nikuite."

Dafina alilia, akamshika mkono, akasema kosa ni lake. Bibi aliutoa ule mkono kidole kimoja kimoja. Nitasema ukweli wote kwa kuwa na yeye huusema: alipofika mlangoni, chini ya kile kilio palikuwa na nafuu, na nafuu ile anaionea aibu mpaka leo.

Jikoni alimpigia Metodi. Kitasa bado kilikuwa kinacheza. Kisha kikaacha. Walisikiliza wote wawili, kila mmoja nchini kwake. Metodi akasema anasikia kucha kwenye vidato, sasa kwenye zege, tak, tak, tak, zinazunguka mbele ya lori, zinaelekea getini, zinafifia.

"Anaondoka," alisema. "Dafi, anaondoka. Naliona geti." Akaanza kulia kwa sauti, mwanamume wa kilo mia.

Nyuma ya mlango wa chumba Bibi alikuwa akizungumza. Maneno hayakusikika, mwendo wake ndio uliosikika. Alisema, akanyamaza, akasema tena kwa ukali kidogo, akanyamaza muda mrefu zaidi, kama afanyavyo sokoni anapokataa bei ya kwanza. Mara moja alicheka. Halafu akaita.

Kwenye skrini mtu mwenye koti alikuwa akienda zake msituni, na mikono ya Bibi ilikuwa juu ya mapaja yake, mbali na kipanya. Nyuma ya yule mtu walifuatana mbwamwitu sita kwa mstari mmoja, na kilema sasa ndiye aliyetangulia. Wakawa wadogo kati ya misonobari, kisha pakabaki theluji.

Bibi alivua hedifoni, nywele zimelala. "Ana adabu zake," alisema. "Nimemwambia nina miaka themanini na tatu na miguu yangu ni mibovu kama mguu wake, hana sababu ya kunikimbiza. Nitakwenda mwenyewe."

"Lini, Bibi?"

Bibi aliomba kahawa. Akainywa yote, bila sukari, akimtazama mjukuu wake kwa upendo ambao huku kwetu watu hawauonyeshi waziwazi. Kisha akauliza Metodi anarudi nyumbani lini. Dafina akamjibu Krismasi, kama kawaida.

"Mwambie aje wiki hii. Akishusha mzigo aje moja kwa moja, asipoteze muda kununua zawadi."

Dafina aliandika ujumbe. Jibu lilikuja papo hapo, Metodi akiwa tayari na utani wake: mbona haraka, nani anaolewa? Aliandika kwamba Bibi anataka kumwona, akafuta, akaandika tena vilevile na kutuma. Alijua amempata kaka yake, na alijua alichotoa.

Bibi alikuwa chumbani kwake, ameteremsha kutoka juu ya kabati lile bunda ambalo kila kikongwe wa huku hujiwekea kwa ajili ya siku ya kuzikwa. Alilifungua kitandani na kuvipanga vitu kimoja kimoja: gauni jeusi, soksi mpya, kitambaa cha kichwa, viatu vyepesi vya ngozi ambavyo havijawahi kugusa ardhi. Viatu akavitoa na kumpa Dafina.

"Hivi kavirudishe dukani," alisema. "Nitafutie buti. Huko ninakokwenda nimeona ni theluji tupu."