Fidla ya Wiki Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kuchomeka waya wa kwanza, Moinafouraha alipangusa visikilizio vyake kwa kitambaa chenye matone mawili ya marashi, akavivaa juu ya leso yake, kisha akasema "Naam, Moroni" kwa sauti ya chini, ili ajue kama koo lake limeamka. Baada ya hapo zilianza kazi za watu. Wafanyabiashara walitaka Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, waulize bei ya karafuu, makarani walitaka Fomboni, akina mama walitaka watoto wao. Aliwaunganisha, akaitazama saa ya ukutani, na dakika tatu zilipotimia akawaambia kuwa zimekwisha. Alikuwa na miaka mitatu kama opereta wa simu posta ya Moroni. Watu wengi waliijua sauti yake, wachache waliujua uso wake, naye aliridhika hivyo.

Jumamosi moja, mwaka wa nne tangu mamluki wa Kizungu washike ulinzi wa rais, waya wa Mutsamudu ulimletea fidla.

Haikuwa fidla ya redioni. Ilikuwa inajikwaa, inarudi nyuma, inajaribu tena. Moinafouraha alidhani laini imeharibika, akanyoosha mkono achomoe. Ndipo sauti ya mwanamume, ya upande wa Moroni, ikasema taratibu, "Usiukandamize upinde. Uache uende wenyewe." Fidla ikaanza upya, na safari hii ikaimba.

Aligeuka kutazama vibanda vya simu. Ndani ya kibanda cha pili alisimama kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inang'aa, kofia ya darizi imesogezwa nyuma. Alikuwa amefumba macho, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikicheza juu ya paja. Dakika ya tatu ikapita, ikapita ya nne, na Moinafouraha hakusema neno.

Kijana alipokuja kulipa, Bahiat wa dirisha la malipo alikuwa ametoka kunywa chai, kwa hiyo ilimbidi Moinafouraha apokee pesa mwenyewe.

"Dakika tatu," alisema, macho chini.

"Mimi nimehesabu saba."

"Saa yako inakimbia."

"Sina saa, bibie. Nimehesabu kwa mapigo ya wimbo, na mapigo yangu hayakimbii."

Kijana alicheka, naye Moinafouraha akajikuta anatabasamu. Kijana hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliitwa Rachadi, wa Ikoni, mwanafunzi wa mzee Djaanfar, fundi wa fidla katika chama cha taarabu. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunza kwa fidla ya mwalimu wake, saa moja tu kila siku baada ya alasiri. Sasa chama kilikuwa kinajiandaa kusikiliza wapigaji wapya kabla ya msimu wa harusi, na sharti lake lilikuwa moja: hakuna anayepewa kiti bila kuja na fidla yake. Fidla nzuri ilikuwa na bei ya kummaliza mwalimu wa shule mshahara wa mwaka.

Moinafouraha alimuuliza basi ile ya kwenye simu ameipataje. Rachadi alisema alijiuliza ni fidla ngapi zimelala juu ya makabati visiwani humu ilhali yeye hana hata moja. Aliandika barua kumi na moja, moja kwa kila nyumba aliyosikia ina fidla isiyopigwa. Hakuomba kununua wala kupewa. Aliomba kugawana. Lilikuja jibu moja tu, kutoka Mutsamudu, katika nyumba ambayo kaka mkubwa alikwenda Ufaransa akaiacha fidla nyuma. Walikubaliana wiki mbili ikae kule, wiki mbili ije huku kwa meli ya Jumatatu. Pesa hazikutakiwa. Rachadi alilipa kwa masomo, kila Jumamosi, kwa simu.

"Kwa hiyo una nusu ya fidla," alisema Moinafouraha.

"Nusu inapigika vizuri kuliko hakuna."

Siku hizo aliona huo ndio ujanja mzuri kuliko wote aliopata kuusikia.

Rachadi akawa anafika posta hata siku zisizo na somo. Akileta vipande vya shelisheli la kuchoma ndani ya jani, akimsubiri kazi ziishe, wakitembea pamoja mpaka kwenye teksi za Ikoni, yeye mbele kidogo, Moinafouraha nyuma kidogo, ili watu wasiseme. Siku ambazo hakufika, alipiga kutoka duka lililo jirani na kwao.

"Naam, Moroni."

"Naomba saa."

"Saa kumi na moja na dakika mbili."

"Na hali ya opereta?"

"Hiyo haitolewi kwa simu."

"Basi nitaifuata mwenyewe kesho."

Alimwambia kuwa akipata kile kiti, atamtuma mjomba wake kwao kuposa. Kwa desturi mwanamume huhamia nyumba ya mkewe, alisema, na hakutaka kuingia mikono mitupu kama mgeni wa chakula. Moinafouraha akaaga. Alifika kwao akamsaidia mama yake kuchambua mchele, akauchambua mara mbili bila kujua.

Lakini mwanafunzi wa Mutsamudu alikuwa na sauti.

Mwanzoni ilisikika fidla zaidi kuliko mtu. Kisha mtu akazoea. Alikuwa Housna, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya maneno yake. Alimwita Rachadi "Fundi wangu." Alimtania kwamba watu wa Ngazidja, kisiwa cha kina Rachadi, husema haraka kama wanaokimbia mvua. Moinafouraha alisikiliza kila neno, ingawa sheria ya kazi ilikataza, na kila Jumamosi alitoka akiwa ameokota kitu cha kumchoma.

Siku ilipofika zamu ya Rachadi kukaa na fidla, walikwenda bandarini pamoja kuipokea. Alifungua sanduku juu ya ukuta wa mawe. Fidla ilikuwa imezungushiwa shiromani, ile nguo nyekundu wanayojifunika wanawake wa Ndzuani, na ilinukia msandali.

"Ya nani hii?"

"Ya Housna. Kifuniko hakifungi vizuri, anaogopa chumvi ya bahari."

"Inanukia vizuri."

"Shiromani?"

"Fidla," alisema Moinafouraha, akatazama mashua.

Rachadi, ambaye angeweza kusikia uzi mmoja uliolegea kati ya fidla nne, hakusikia kitu hapo. Alisema ni kitambaa tu, akakikunja vizuri, akakiweka kifuani wakati akikagua nyuzi. Kesho yake Moinafouraha alifanya kosa la kumsimulia Bahiat.

"Maskini mwenzangu," alisema Bahiat. "Yule anatuma nguo ya mwilini kila zamu. Wewe unaulizwa saa."

Basi Moinafouraha akaanza kufuata sheria. Jumamosi iliyofuata, dakika ya tatu ilipotimia, aliingia katikati ya somo, akasema zimekwisha, akachomoa. Rachadi alitoka kibandani akiwa bado ameshika hewa kama mtu aliyenyang'anywa kikombe. Aliuliza kwa upole kuna nini. Moinafouraha alimjibu kuwa ni amri mpya, ya wale mamluki wa ulinzi.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Wakati ule kila jambo baya lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mzungu mwenye bunduki ambaye hakuna wa kumwendea kumuuliza. Rachadi alitazama mlangoni kwanza, kisha akawatukana polepole, akamwambia Moinafouraha pole kwa kazi ngumu. Pole ile aliibeba siku nzima. Hata hivyo Jumamosi ya pili alikata tena, na ya tatu, mpaka ya saba.

Jumamosi ya nane fidla ilikuwa Mutsamudu, na chama kilikuwa kimetangaza kuwa kitasikiliza wapigaji Alhamisi. Housna alipiga wimbo mzima bila kujikwaa, Rachadi akamsifu, na sifa hizo zikala muda. Kisha Housna akasema, "Fundi wangu, kabla sijasahau, ile meli ya Jumatatu..."

Moinafouraha aliuona mshale wa saa ukifika dakika ya tatu. Aliuona pia mkono wake ukienda kwenye waya.

"Dakika tatu zimekwisha."

Kwa muda mfupi aliona raha, kama anayekuna kidonda.

Upande wa pili, Housna alibaki na simu sikioni. Alikuwa anataka kusema kwamba meli imepelekwa matengenezo, haitakuja wiki hiyo, na kwamba mjomba wake anasafiri kwa ndege kesho, anaweza kuibeba fidla iwapo Rachadi atampokea uwanja wa ndege wa Hahaya, maana mjomba angekuwa na saa moja tu kabla ya kuendelea na safari yake. Alijaribu kupiga. Mouridi, opereta wa Mutsamudu, alimwambia mteja ameshaondoka na Moroni wanafunga. Housna hakuthubutu kuituma fidla isiyo na mpokeaji. Aliirudisha juu ya kabati.

Jumatatu Rachadi alisimama bandarini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipoingia posta shati lake lilikuwa limeganda mgongoni. Aliomba Mutsamudu, na simu ya kina Housna ikaita bila kupokelewa, kwa sababu saa zile alikuwa darasani. Akakaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Labda ameghairi," alisema. "Labda amepata fundi mwingine. Alikuwa anataka kuniambia, na hawa watu na dakika zao..." Hakumaliza. "Alhamisi nitakwenda na nini, Moina?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Alilipanga neno mdomoni, akaona jinsi Rachadi atakavyomtazama, akalimeza. Alimwambia aende nyumbani apumzike.

Saa kumi, foleni ilipokwisha, alichomeka waya wa Mutsamudu kwa niaba yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mouridi alimuuliza kama ana mafua leo. Alimwomba nyumba ya kina Housna.

"Ni mimi, posta ya Moroni," alisema ilipopokelewa.

"Ah," alisema Housna. "Wewe ndiye unayepumua."

Moinafouraha alikiziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Kila somo nasikia watu wawili," aliendelea Housna. "Mmoja anasema, mmoja anapumua. Nilipokuwa nakosea ulikuwa unashusha pumzi. Halafu ukaanza kutukata. Nikajua tu."

"Unamtaka?"

Swali lilimtoka peke yake. Housna alicheka, ila si kwa dharau, na baadaye kidogo akaacha kucheka.

"Dada, ningemtaka, ningemrudishia fidla kila wiki mbili zikitimia? Ningeizuia, aje mwenyewe kuichukua. Ninachotaka ni kupiga. Hapa nani atanifundisha, mimi mwanamke? Yeye tu ndiye hakuuliza kwa nini nataka."

Ndipo akamweleza habari za meli na za mjomba aliyekwisha kusafiri. Mouridi, aliyekuwa akisikiliza bila haya yoyote, aliingilia akasema kuna ndege Jumatano, yeye mwenyewe ataifikisha fidla uwanja wa ndege wa Ouani na kuikabidhi kwa watu wa ndege, ikiwa tu kuna mtu wa kuipokea Hahaya.

"Nipo," alisema Moinafouraha.

Jumatano aliomba ruhusa, akavaa gauni lake la kijani na leso mpya, akapanda teksi hadi uwanjani. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya mizigo, na mbele yake amesimama mamluki mmoja mwenye sare nyeusi, pua imebabuka kwa jua. Alifungua, akafunua shiromani, akagusa uzi kwa kidole, akauliza kwa Kifaransa ni mali ya nani. Moinafouraha alisema ni ya mwanafunzi wa muziki wa Ikoni. Yule mtu akafunga sanduku, akalisukuma, akageukia mzigo mwingine. Alikuwa amechoka tu. Kwa miezi miwili Moinafouraha alikuwa amemtwika dhambi yake, na sasa aliona aibu mbele ya mtu ambaye kwa mengine mengi hakustahili kuonewa aibu na yeyote.

Ikoni alimkuta mama yake Rachadi uani anakuna nazi. Alimwinamia, akasema "Kwezi," salamu ya wadogo kwa wakubwa, na mama akaitikia "Mbona," akilitazama sanduku. Rachadi alitoka ndani bila kofia. Alipoiona fidla alikaa pale pale kizingitini, akaiweka mapajani, akaikaza uzi mmoja mmoja. Kisha akapiga. Mama alipunguza kukuna.

Alipomaliza, na kuelezwa ilivyofika, alimshukuru Housna, akamshukuru Mouridi asiyemjua, akamshukuru Mungu. Halafu akasema kesho akipewa kiti, wimbo wa kwanza atawapigia wale mamluki walaaniwa waliotaka kumnyima kwa dakika zao tatu.

Angeweza kunyamaza. Housna alikuwa ameahidi hatasema, na ofisini hakuna ambaye angemlaumu kwa kufuata sheria.

"Rachadi. Si wao."

"Si wao nini?"

"Hakuna amri. Nilikuwa nakata mimi."

Aliuweka upinde chini. "Mara zote nane?"

"Zote. Na zile dakika za ziada za mwanzo, nazo ni mimi."

Rachadi alitazama sanduku, kisha mikono yake. Uso wake ulikuwa umefungwa, na Moinafouraha aliona kwamba hatima yake yote iko nyuma ya uso ule.

"Kesho ningesimama mbele ya wazee mikono mitupu," alisema. "Ungeniangalia?"

"Ningekuangalia, na ningejua."

"Kwa nini, Moina? Ungeniambia tu. Unazungumza na visiwa vyote. Mimi nilikosa nini?"

Mama alikuwa ameacha kabisa kukuna nazi. Moinafouraha alijua anasikilizwa, na kwa mara ya kwanza maishani hakushusha sauti.

"Kwa sababu anakuita fundi wake, na mimi nakutajia saa. Fidla gawaneni, mpaka iishe nyuzi, sitasema neno. Wewe sitaki kugawana na mtu. Nataka uje kwetu na mjomba wako, kiti upate, usipate."