Kitufe cha Kurudi Juu

Injinia Kalunde Masanja aligusa kitufe cha buluu pembeni mwa ukuta wa kioo, na miaka themanini ya maisha ya mzee mmoja ikaanza kushuka mbele ya macho ya wajumbe. Maandishi hayakuruka wala kutikisika. Yaliteleza kama uji unaomiminwa: homa, pole za majirani, mfupa uliovunjika, chanjo, mpaka ukurasa ukasimama wenyewe juu kabisa, kwenye siku mzee huyo aliyozaliwa. Wajumbe wa Kamati ya Kurasa wakapiga makofi. Mmoja wao alijipangusa machozi.

Katika jiji la Kaze Mpya na vijiji vyake, kila raia alikuwa na Ukurasa wa Uzima. Madaktari waliandika humo, na ndugu na jamaa waliandika pia, kwa sababu watu wa huko hawakuona namna mtu anavyoweza kuugua asipewe pole. Pole ikishaandikwa haikufutwa. Kufuta pole ya mtu kulikuwa sawa na kumfungia mlango usoni. Ukurasa ulifungukia chini, penye habari za leo, nao ulifungwa siku mwenyewe alipofariki. Juu kabisa palikuwa na Kichwa, palipoandikwa kundi la damu na dawa ambazo mwili wa mtu huyo hauzitaki. Kichwa kilifunguka kwa kiganja cha daktari anayemtibu tu, asije jirani akaleta pole na kuondoka na siri.

Lakini kurasa zilikuwa zimerefuka kupita kiasi. Daktari wa zamu aliweza kusogeza kwa kidole mpaka mkono ukafa ganzi kabla hajafika juu. Ndiyo maana Kalunde alikaa miezi saba akitengeneza kitufe.

"Na mwendo wake?" aliuliza Mzee Maganga, mwenyekiti wa kamati.

"Mwendo wa kusomeka, mzee, kama mlivyoagiza. Hakuna pole itakayopita bila jina lake kuonekana."

"Hapo sawa. Haraka haraka haina baraka, binti yangu. Na kinafanya kazi kwenye vivinjari vyote?"

Kivinjari ndicho kilichofungua kurasa, na kila mashine ilikuwa na chake. Kalunde alikuwa amejaribu vitatu, vyote vipya. Kile kikongwe, kilichobaki kwenye mashine za zahanati za pembezoni, alikiacha. Nani bado anakitumia? Alijiuliza hivyo kwa uvivu, wala hakwenda kutafuta jibu.

"Vyote, mzee," alisema, akatia sahihi.

Saa nane mchana simu yake ikaita.

"Injinia Kalunde? Naitwa Daktari Hamduni, niko zahanati ya Mlogolo. Mama yako yuko hapa. Ameanguka ngazini akirina asali. Bandama imepasuka, damu inavuja ndani kwa ndani."

Kalunde alishika meza. Mara ngapi alimwambia Bi Nyanzala aachane na mizinga? Na mara ngapi mama alimjibu kwamba nyuki hawajamkosea kitu?

"Mashine ya upasuaji iko tayari," daktari aliendelea, "lakini lazima alazwe usingizi kwanza. Kabla hajapoteza fahamu ameniambia kuna dawa ya usingizi iliyotaka kumuua ujanani. Jina halikumbuki. Nikikosea, namuua mimi. Wewe unalijua?"

"Silijui. Liko kwenye Kichwa."

"Kiganja nimeshaweka. Nimebonyeza hicho kitufe chenu kipya. Hakiendi."

"Bonyeza tena, daktari."

"Nimebonyeza mara ishirini, dada yangu! Kimekaa tu kinanitazama."

Alijua pale pale. Amri ya kuteleza ilikuwa ya kisasa, na kivinjari kikongwe kikikutana na amri kisiyoielewa huitupa yote, hata yale maneno "nenda juu" yaliyomo ndani yake.

"Sogezeni kwa kidole basi!"

"Muuguzi anasogeza tangu mwanzo. Pole ni elfu mbili na ushei, na mashine yetu inazifungua kumi kumi. Mama yako anapendwa na watu, injinia."

Kalunde alianza kuandika. Mbinu ya zamani aliijua: kivinjari kisichojua kuteleza hufundishwa kupanda hatua ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka kifike. Angeweza kuiweka tangu mwanzo. Ilikuwa kazi ya nusu siku, naye sasa aliimaliza kwa dakika nne, akaituma Mlogolo huku akiomba Mungu kwa sauti.

"Kinakwenda!" daktari alipaza sauti. "Kinapanda!"

Kalunde alilia kwa furaha. Akaufungua ukurasa wa mama yake ukutani, upande wa pole ulio wazi kwa wote, akaufuatanisha na ule wa zahanati. Pole Bi Nyanzala, mimi Mwanne wa sokoni. Ugua pole, shangazi. Pole na mguu, mama, nyuki wanakusubiri. Jina baada ya jina, kwa heshima zote.

"Mpaka juu ni muda gani?" aliuliza daktari.

Alipiga hesabu, na furaha ikamtoka. "Dakika ishirini."

"Hana ishirini. Hana hata kumi."

Kamati ilitaka mwendo wa kusomeka, naye aliufuma ndani ya kila mstari wa kazi yake. Alianza kuufumua. Ukutani pole ziliendelea kushuka, zikafika mwezi ambao baba yake alizikwa. Mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa ameandika. Mzee Maganga alikuwa ameandika. Hata dereva aliyeleta jeneza alikuwa ameandika. Kalunde alilitafuta jina lake, na aibu ikamchoma kifuani, kwa sababu halikuwepo. Siku zile alikuwa na kazi nyingi, akizitengeneza kurasa hizihizi. Alisema ataandika akipata nafasi.

Alifuta utelezi wote. Alifuta hatua, alifuta mwendo, akabakiza amri moja ambayo kila kivinjari kilichowahi kuundwa kiliielewa: nenda juu. Akaituma.

Ukurasa ukaruka.

"Nimeliona!" alisema Daktari Hamduni. "Nimeliona jina! Nampa nyingine. Usikate simu."

Kalunde alisikia vyombo vya chuma vikigongana, na mashine ya upasuaji ikianza kuvuma. Hakuwa na la kufanya tena. Alishuka mpaka chini ya ukurasa, penye nafasi ya leo, akaandika: Pole mama. Ni mimi, Kalunde. Nisamehe nimechelewa.

Akabonyeza kutuma. Maneno yake yakafifia, na mahali pake ukuta ukaandika: Ukurasa huu umefungwa leo saa nane na dakika ishirini na sita.

Kwenye simu mvumo wa mashine ulikuwa umekoma.

"Dada Kalunde," alianza daktari, akitafuta namna ya kulisema.

"Najua, daktari," alimjibu. "Nimeandika pole, ikakataliwa."