Begi Nyuma ya Mlango

Siku ilianza kama siku nyingine yoyote ya kazi. Ukumbi ulikuwa mtupu, wafagiaji wakipangusa viti, na jua la mchana likiingia kwa mlango wa nyuma ulioachwa wazi ili vyombo vipitishwe. Ndevu alikuwa ameketi juu ya boksi la spika, gitaa lake la besi mapajani, akibadilisha nyuzi huku akiulalamikia mgongo wake. Ni jirani yetu huyu Ndevu. Ndevu zenyewe alishazinyoa siku mvi zilipozidi, limebaki jina.

Bendi yao mtakuwa mnaikumbuka. Ile ya roki, ya nywele ndefu na makelele, iliyotangaza kustaafu kwa mbwembwe zote mpaka watu wazima wakalia uwanjani kama wamefiwa. Haukupita muda mrefu, mabango yakarudi ukutani: TUMERUDI. Mtaa mzima ulicheka. Wengine walisema jamaa wamefulia, wengine walisema wake zao wamechoka kuwaona nyumbani. Ndevu aliyasikia yote akacheka nao, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu kuliko utani wowote.

Ukweli ni kwamba hawakuwahi kustaafu. Mpiga dramu wao, waliyemwita Kishindo, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Kazi ya kuanzisha kila wimbo ilikuwa yake: anagonganisha vijiti mara nne, kisha wote wanaingia. Sasa pigo la tatu likawa linachelewa. Kidogo tu, lakini bendi nzima husimama juu ya mapigo hayo manne. Nani angemwambia? Walianza naye tangu wakiwa vijana wa kuazimana viatu. Chuma, mwimbaji, ndiye aliyeleta wazo. Tutangaze kwamba tunastaafu wote, alisema, mzee aondoke na heshima zake. Tukae kimya kidogo, halafu turudi na mtu mwingine. Ndevu alikubali. Tena alikubali upesi, hata chai yake haikuwa imepoa.

Usiku wa kuaga, Kishindo alimkumbatia palepale jukwaani, jasho na machozi vimechanganyika. "Tumemaliza pamoja, ndugu yangu," alisema. Ndevu akamjibu, "Pamoja." Neno hilo moja limemkaa kooni mpaka leo.

Wiki chache baada ya mabango kubandikwa, Kishindo akafariki nyumbani kwake, kwenye kiti. Makaburini Chuma alimsogelea Ndevu akamnong'oneza, "Heri hakujua." Ndevu aliling'ang'ania neno hilo. Alilala nalo, akaamka nalo. Heri hakujua. Kama hakujua, basi hakuna aliyeumizwa.

Basi, turudi ukumbini. Mpiga dramu mpya alikuwa dada mmoja mtulivu, aliyepiga miaka mingi kwenye bendi za hoteli. Fundi wa kazi yake, hana maneno mengi. Ndevu hakuwa na ugomvi naye ila jambo moja: alishindwa kumtazama. Zamani kila wimbo yeye na Kishindo waliuanza wakitazamana, Ndevu amewapa mashabiki mgongo, macho kwenye vijiti. Sasa alianza akiwa ametazama mbele, huku akisikiliza tu kwa vile vidude vya masikioni.

"Wimbo wa kwanza," Chuma alisema. "Twende."

Ndevu akasikia mapigo. Hayakuwa mlio mkavu wa kijiti kwa kijiti. Yalikuwa mazito, yamefifia, kama mtu anayekung'uta mto. Moja. Mbili. La tatu likachelewa. Nne.

Vidole vyake vikaingia vyenyewe. Alipiga peke yake. Wengine walikuwa bado wamesimama, wanamwangalia.

"Kaka, sijahesabu bado," dada alisema kwa upole.

Ndevu alicheka, akasingizia uzee. Kisha akavichomoa vile vidude, akampelekea fundi mitambo, akamwomba akague kama kuna sauti inayovuja kutoka mahali. Fundi alikagua waya kwa waya. Akainua uso.

"Mzee, vyako hata sijaviwasha," alisema.

Jioni ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, watu wakapiga miluzi, na Ndevu akapanda jukwaani bila kitu chochote masikioni. Atasikiliza kwa masikio yake ya kuzaliwa, basi. Chuma aliinua mkono. Pakawa kimya.

Moja. Mbili.

Akangoja.

Tatu. Nne.

Safari hii waliingia wote. Chuma, gitaa la solo, kinanda, wote kwa pamoja, juu ya lile pigo lililochelewa, na hakuna aliyekosea. Dramu zilinguruma nyuma yao. Watu waliruka. Ndevu alijua mkono ule. Aliujua mguu ule uliokuwa ukikanyaga dramu kubwa na kuburuta kidogo mwishoni. Alijiambia asigeuke. Akajiambia tena. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akageuka.

Dada alikuwa ameketi kitini. Hakuwa anapiga. Vijiti vilikuwa mapajani mwake, ameviminya kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Na dramu zilikuwa zinalia.

Walipiga nyimbo zote. Wimbo ukiisha, unakuja mwingine. Watu walisema hawajasikia bendi ikipiga vile tangu enzi zile. Nyuma ya jukwaa dada alikuwa ameshindwa hata kufunga zipu ya koti lake.

"Kuna mtu alikuwa amenikalia," alimnong'oneza Ndevu. "Sio mzito. Na hakuwa na ubaya. Alikuwa anafurahi."

Ndevu alimtafuta Chuma, akamkuta anajifuta uso kwa taulo. Kabla hajafungua mdomo, Chuma aliinua kidole. "Usiniambie," alisema. "Leo tumewaka. Mengine sitaki kuyajua."

Asubuhi Ndevu alienda kwa mjane wa Kishindo. Njiani alipanga maneno ya kumtuliza maiti mwenye hasira, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa anakitegemea. Mtu aliyesalitiwa akirudi, anarudi kudai. Ndevu alikuwa tayari kudaiwa. Moyoni alikuwa hata anakitamani kipigo.

Mama huyo alifungua mlango, akamtazama kitambo. "Karibu, shemeji. Umepotea."

"Nimepotea kweli, shemeji."

Sebule ilikuwa vilevile. Kiti cha Kishindo kilikuwa pembeni ya dirisha, na mbele yake palikuwa na kigoda, juu ya kigoda mto wa kochi. Mto ulikuwa umebonyea mahali pawili, kushoto na kulia, kitambaa kimechakaa hadi sponji inaonekana. Mama aliona macho yake yalipokwenda.

"Kila asubuhi naupigapiga ukae sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ikifika jioni umebonyea tena."

Ndevu akamgeukia. "Shemeji, alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba tumerudi."

"Alisikia redioni, siku ileile mliyotangaza." Mama aliketi. "Aliniita kutoka jikoni, anacheka mpaka anakohoa. Akaniambia, nilijua tu hawa watu hawawezi kukaa nyumbani. Niandalie begi."

Akanyoosha kidole. Nyuma ya mlango palikuwa na begi la turubai la kijani, limejaa mpaka zipu imevimba, vijiti viwili vimechomoza pembeni.

"Akaanza mazoezi kwenye mto huo, asubuhi na jioni. Alisema mikono imekuwa mizito, hataki kuwaaibisha. Simu ikilia ananiambia, pokea, huyo ni Ndevu. Ikiwa si wewe, anasema, Ndevu ana shughuli nyingi, unajua yeye ndiye hupanga vyombo. Hata siku ya mwisho aliniuliza kama gari limeshafika."

Ndevu hakuweza kuinua uso. Kuna aibu inayochoma na kupita, na kuna ile inayokaa chini kabisa na kujinyoosha miguu. Hii ilikuwa ya pili.

"Mabango je?" alinong'ona. "Yenye picha ya yule dada?"

"La hapa mtaani nililichana mimi. Nilitoka alfajiri kabla hajaamka. Mngetaka nimwachie alione?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Ndevu ndipo alipoelewa kilichotokea jukwaani, na ikamtisha kuliko kisasi chochote. Kishindo hakuja kulipiza. Alikuja kazini.

"Mwambie, shemeji," Mama alisema. "Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Mimi si wa bendi. Akiusikia ukweli kutoka kwako ataondoka, apumzike. Mwambie hamkuwa mnakuja kumchukua. Basi. Ni maneno machache tu."

Ndevu alivuta kiti akakaa mbele ya kigoda. Jua la asubuhi lilikuwa linaanguka juu ya mto. Nje mtu alikuwa anafua nguo, maji yanamwagika.

"Ndugu yangu," alisema.

Mto ukabonyea. Kushoto. Kulia. Kushoto, kwa kuchelewa. Kulia. Kisha ukatulia, kama mtu aliyeacha kupiga ili asikilize.

Ndevu aliyatafuta yale maneno machache, na yalikuwepo. Yalikuwa mdomoni kabisa. Tulikudanganya. Tulikuona unatetemeka, tukakudanganya. Aliuona uso ule wa usiku wa kuaga, jasho na machozi. Alisikia jinsi patakavyokuwa kimya baada ya hapo.

"Tulichelewa tu," alisema. "Samahani, foleni za barabarani. Gari linakuja leo jioni."

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Taratibu, mbele ya macho yao, yale mabonde mawili ya mto yakajaa, kama mtu aliyeinua mikono yake na kusimama. Upepo haukuwepo. Mlango wa sebule ukafunguka kidogo.

"Umefanya nini?" Mama alinong'ona. "Shemeji, umefanya nini?"

Ndevu alitoka mbio bila kuaga.

Jioni basi la bendi lilikuwa linaelekea mji mwingine. Ndevu aliwahi kuingia, akakaa kiti chake cha siku zote, akafumba macho. Simu yake ililia. Alikuwa Mama, anahema.

"Begi umelichukua wewe?"

"Hapana, shemeji."

"Halipo."

Ndevu alifumbua macho. Kiti cha dirishani, kile ambacho Kishindo alikuwa akikikalia safari zote na ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa, kilikuwa na begi la turubai la kijani. Limekaa wima. Mshipi wake ulikuwa na joto.

Chuma aliingia, akaja hadi katikati ya basi, akaliona. Alilijua. Akarudi mbele kando ya dereva, na safari nzima hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ziara ile haikufika popote. Dada aliaga akiwa bado njiani, akasema kiti kina mwenyewe. Waliomfuata walikuwa wanakaa onyesho moja, mawili, wanaomba radhi. Mwishowe Chuma akatangaza wamestaafu, na safari hii hakuna aliyelia. Mama wa watu anasema mto wake haujabonyea tena, na siku hizi anaweza kuulalia. Ndevu alijaribu kumrudishia begi. Alikataa kulipokea, akafunga mlango kwa adabu.

Kwa hiyo begi liko kwa Ndevu, nyuma ya mlango wake. Hajalifungua. Mkewe aliwahi kumuuliza, "Baba, hili begi la nani? Tuliweke stoo basi."

"Liache," Ndevu alimjibu. "Mwenyewe anasubiri gari."

Mimi nimeliona kwa macho yangu, siku niliyokwenda kuazima ngazi. Vile vijiti viwili vilivyochomoza vimeliwa sana kwenye ncha, kama vijiti vinavyopigwa kila siku, vimekuwa vifupi, na chini yake sakafuni palikuwa na unga mwembamba wa mbao, bado mbichi. Ndevu aliniona nikitazama. Aliinamisha kichwa. Wanasema kila siku huamka kabla ya watu wote wa nyumba, anachukua ufagio, anaufagia unga huo mwenyewe.