Charline Anaangalia Mlango

Kila asubuhi, Kaswera alimtoroka mtoto wake.

Alifika garderi saa moja na nusu, Charline akiwa mgongoni. Garderi ni nyumba ya kutunzia watoto wadogo wakati wazazi wako kazini. Hii ilikuwa Katindo, mtaa wa Goma, nyumba ya mbao yenye kiwanja cha mawe meusi. Mwenyewe aliitwa mama Laurence. Alitunza watoto kumi na wawili.

Kaswera alimteremsha Charline na kumwonyesha wenzake wanaocheza. Charline akigeuka tu kuwaangalia, Kaswera alitoka mbio, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda soko la Birere. Huko alikuwa na meza yake ya kuuzia kambambili za plastiki.

"Asiponiona nikiondoka, hatalia," aliwaza.

Lakini Charline alilia. Alikuwa na miaka miwili. Saa sita na nusu watoto walikula, kisha walilazwa kwenye mikeka. Wengine walilala. Charline aliketi, akasimama, akaketi tena. Kisha akalia mpaka wote wakaamka. Jioni alirudi nyumbani amechoka sana, akikataa hata chakula. Usingizi ulimjia saa nne, siku nyingine saa tano.

Jumatatu moja, Laurence alimshika Kaswera mkono mlangoni.

"Mama Charline, nakuheshimu. Lakini mutoto moja anaamusha kumi na moja. Wazazi wananilalamikia. Nakupatia hii wiki. Kama halali, utafute pengine."

"Pengine wapi, mama?"

"Siyui. Lakini mimi pia nimechoka."

Kaswera hakuwa na pengine. Mama yake alikuwa Butembo, mji wa mbali. Mume wake, Evariste, alikuwa seremala. Kiwanda chake kilijaa misumeno na misumari. Huko mtoto hawezi kukaa.

Siku hiyo Kaswera hakutulia mezani. Aliwarudishia wateja pesa vibaya. Alimpa mwanamke mmoja kambambili mbili za mguu wa kushoto.

"Uko na nini leo?" aliuliza Bulonza, jirani yake wa soko, anayeuza sabuni.

Kaswera alimweleza. Bulonza alicheka.

"Ni hiyo tu? Nunua siro, ile dawa ya maji ya kikohozi. Kijiko kimoja asubuhi. Mujukuu wangu anakunywaka, analala kama gunia."

"Lakini Charline hakohoi."

"Ni siro, si sumu."

Jumanne asubuhi, Kaswera alimpa Charline kijiko kimoja. Hakumwambia Evariste. Hakumwambia Laurence. Mchana simu ililia.

"Mama Charline! Leo amelala!"

Kaswera alifurahi mpaka akaimba. Jumatano akampa kijiko na nusu, ili awe na uhakika.

Siku hiyo simu ililia saa saba. Alikuwa Laurence.

"Kuya mbio. Mutoto haamuki. Ninamuita, ninamutikisa, haamuki. Ninamupeleka kwa muganga, kituo cha afya."

Kaswera aliacha meza wazi, akasimamisha moto ya kwanza.

"Kimbiza, papa! Kimbiza!"

Barabara ilijaa malori. Dereva alipita kushoto, akapita kulia. Kaswera alihisi moto haiendi hata kidogo.

Kituo cha afya kilikuwa nyuma ya garderi. Charline alilala kitandani, mdomo wazi, mikono imelegea. Muuguzi, jina lake Umuhire, alikuwa anahesabu pumzi zake huku akiangalia saa.

"Mama, mutoto amekunywa nini leo?"

Kaswera aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu.

"Mimi siko polisi," alisema Umuhire. "Niambie, nijue cha kufanya."

Kaswera alitoa chupa mfukoni. "Kijiko na nusu."

"Anakohoa?"

"Hapana. Nilitaka alale tu. Walitaka kumufukuza."

Laurence aliweka mkono mdomoni.

Umuhire alimgeuza Charline ubavu, akakaa karibu naye. Kila baada ya dakika chache alihesabu pumzi tena. Kaswera alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Evariste alifika na vumbi la mbao kwenye nywele. Kaswera mwenyewe ndiye aliyemweleza yote. Evariste aliketi chini sakafuni, akashika kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona hata wewe umechoka."

Saa kumi, Charline alifungua macho. Alitapika kidogo. Kisha akasema, "Maji."

Kaswera alilia kwa sauti. Hata Laurence alilia.

Umuhire alisubiri mpaka walipotulia.

"Sikilizeni. Ule haukuwa usingizi. Mutoto aliyelala, ukimugusa na kumuita, anaamuka. Huyu aliangushwa na dawa. Dawa ya namna hii inaweza kupunguza pumzi za mutoto mudogo mpaka zikatike. Usimupe dawa yoyote ili alale. Hata nusu kijiko. Hata jirani akisema nini."

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Kaswera. "Halali!"

"Kabla ya kulia, pale garderi, anafanyaka nini?"

Kaswera alimwangalia Laurence. Laurence aliangalia chini. Hakuna aliyejua.

"Basi mumuangalie," alisema Umuhire. "Alhamisi apumzike nyumbani. Ijumaa mchana nitakuja. Tusimame inje, tuangalie tu."

Ijumaa, Umuhire, Laurence na Kaswera walisimama nyuma ya dirisha. Watoto walikuwa wamelala. Mkeka wa Charline ulikuwa karibu na mlango wa chuma. Msichana wa jikoni alipita na sufuria. Mlango ukajipiga: paa!

Charline aliruka, akaketi. Hakulia. Aliangalia mlango. Msichana alirudi. Paa! Charline akasimama. Bado aliangalia mlango.

"Wakati wa masasi, vita ilipoingia Goma, alikuwa na mwaka moja," Kaswera alinong'ona. "Tulikaa naye chini ya kitanda siku ine."

"Basi mwili wake unakumbuka ile sauti," alisema Umuhire. "Na asubuhi unamuaga namna gani?"

"Simuagi. Natoroka, asilie."

Umuhire hakumkemea. Alisema polepole, "Wewe ulipotelea kwenye ule mlango. Anauchunga. Anaogopa kulala, sababu akifunga macho, pengine utapita asikuone."

Kaswera aligeuka asionekane uso. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa akimkimbia mtoto huyo, na mtoto huyo alikuwa akimngoja.

Laurence alikohoa kidogo. "Nami nilikuwa ninamupigia kelele: funga macho! Nilikukaza sana, mama Charline. Ile ya kutafuta pengine, tuiache."

Jumamosi, Evariste alikuja na nyundo. Alikata tairi la zamani la gari, akapigilia vipande vya mpira kwenye fremu ya mlango. Aliusukuma kwa nguvu. Mlango ukafunga kimya. Laurence alihamisha mkeka wa Charline hadi kwenye kona, mbali na mlango. Alining'iniza kitambaa cheusi dirishani. Tangu siku hiyo, kila mchana ulikwenda namna moja: chakula, kunawa uso, kitambaa kushushwa, wimbo mmoja uleule, kisha kimya. Msichana wa jikoni alikatazwa kuosha sufuria mpaka watoto waamke.

Nyumbani pia walibadili. Umuhire alisema mtoto wa umri huo anahitaji saa kumi na moja mpaka kumi na nne za usingizi, usiku na mchana pamoja. Anayechelewa kulala usiku huchoka kupita kiasi, na hata mchana halali vizuri. Kwa hiyo Kaswera alifunga meza mapema. Charline alikula, akaogeshwa, redio ikazimwa, na saa mbili alikuwa kitandani. Siku za kwanza alikataa. Evariste alikaa naye tu gizani, bila kumbeba na kumzungusha.

Jambo gumu lilikuwa Jumatatu asubuhi. Kaswera alipiga magoti kwenye mawe meusi. Alimpa Charline kikwembe, kitambaa anachojifunga mwenyewe nyumbani, kikiwa na harufu ya makaa na ya mwili wake.

"Mama anaenda kazi. Utakula, utalala, utakunywa uji. Kisha mama atakuya."

Charline alimshika shingo. Alilia kwa nguvu zote. Miguu ya Kaswera ilitaka kukimbia. Lakini alimbusu, akamkabidhi mikononi mwa Laurence, akaenda taratibu, huku mtoto akimwona mpaka barabarani. Na alirudi baada ya uji, kama alivyosema.

Siku hiyo Charline hakulala. Jumanne alijinyoosha tu juu ya kikwembe, macho wazi, mkono wa Laurence mgongoni. Jumatano alilala dakika ishirini. Alhamisi hakulala tena, na Kaswera akakata tamaa. Umuhire alimwambia aendelee vilevile. Wiki ya tatu, Charline alilala saa nzima. Asubuhi alilia kidogo tu, kisha akapunga mkono.

Kaswera alimweleza Bulonza mambo yote, hata ya kitanda cha kituo cha afya. Bulonza hakucheka. Alichukua simu, akampigia binti yake palepale.

"Mwaga ile siro. Nasema mwaga, nasikiliza."

Siku moja, saa saba mchana, mvua kubwa ya mawe ilianguka juu ya Goma. Mabati ya Birere yalilia mpaka watu hawakusikilizana. Kaswera alimfikiria Charline. Alimwachia Bulonza meza, akakimbia kwenye mvua kutafuta moto. Hakuna dereva aliyetaka. Alikwenda kwa miguu, nguo zote zimemshika mwilini, masikioni akisikia tayari kilio cha Charline.

Alifungua mlango wa garderi akihema.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameketi, macho wazi, wengine wakilia. Laurence alikuwa na wawili mapajani. Kwenye kona, Charline alikuwa amelala, shavu juu ya kikwembe.

"Hakuamuka?" Kaswera alinong'ona.

"Aliamuka. Aliniangalia. Nikamuambia: ni mvua. Akajigeuza, akalala." Laurence alipangusa mtoto mmoja kamasi. "Leo wengine ndio wananisumbua. Na wewe, mama, usisimame hapo na maji yote hayo. Nisaidie hata moja."

Kaswera alivua viatu. Aliketi chini, akampakata mtoto wa watu aliyekuwa analia, akaanza kuuimba ule wimbo wa kila mchana.