Kamera Moja, Shule Tatu

Fundi cherehani alikuwa akishona sare za shule. Nyuma yake, kitindamimba wake alisimama mbele ya kioo, akisimulia hadithi kwa mikono. Binti huyo ni kiziwi. Lugha yake ni ya ishara, na akianza maneno hana breki. Mama alipogeuka kumtazama, binti alificha mikono mgongoni na kucheka. Hadithi ilikuwa siri mpaka siku ya kamera.

Siku yenyewe ilikuwa leo. Shule tatu jirani zilikuwa zimenunua kamera moja ya video, zikawa zinaitumia kwa zamu. Mwalimu wa viziwi angerekodi hadithi za watoto wote na kuzipeleka kwa watahini. Mtihani wa ishara hauandikwi kwenye karatasi. Asiyerekodiwa angerudia darasa.

Mchana binti alirudi amenuna. Akasema kwa mikono, "Kamera imekufa."

Mama hakuuliza mara mbili. Alitoka mbio kwenda shuleni, pini za kushonea bado ziko kwenye ukosi wa gauni lake.

Kamera ilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, kimya.

"Betri haina chaji, mama," mwalimu mkuu alisema. "Chaja imesahauliwa shule ya pili. Na kadi ya kuhifadhia video imejaa."

"Imejaa nini?"

Mwalimu mkuu alikohoa. "Nimeitazama kwenye kompyuta. Ni harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya shemeji yake mkuu wa shule ya tatu. Nasikia waliiazima kidogo."

"Kidogo! Basi nunueni kadi nyingine na chaja, leo hii!"

"Kwa fedha gani? Karibu zote zilinunua kamera. Zilizobaki tukafanyia uzinduzi. Na wewe ulikuwa kwenye kamati."

Hapo mama alinywea. Ni kweli, aliunyoosha mkono wake mwenyewe kukubali mahema, viti, utepe wa kukata na keki yenye umbo la kamera. Jamani! Watu wazima na akili zao, keki waliikumbuka, betri ya akiba wakaisahau. Majuto ni mjukuu.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Mama Viti, anayekodisha viti, mahema na vipaza sauti. Alimkuta uani akifuta viti.

"Jirani, nimechoka! Nimechoka na shule, nimechoka na kamera, nimejichoka na mimi mwenyewe."

"Pole, shoga. Kaa. Si hicho, kimevunjika mguu."

Mama alisimulia yote. Mama Viti alicheka mpaka akaweka kitambaa chini.

"Mahema yenu si yalikuwa yangu? Niliwauliza, betri ya akiba mnayo? Mkaniambia nisiwaharibie sherehe. Nikapokea pesa yangu, nikanyamaza."

"Usinicheke. Niambie tufanye nini."

"Sikiliza. Mimi nikinunua kipaza sauti, hesabu haiishii dukani. Kuna betri. Kuna mkoba. Kuna fundi, siku kikianguka. Na kitaanguka tu, usijidanganye. Kwa hiyo kila kikikodishwa, natenga kidogo. Akiba haiozi."

"Lakini chako ni chako. Hii ni ya shule tatu."

"Ndiyo mjihadhari zaidi! Cha wengi, kila mtu anadhani mwenzake anakitunza. Kila shule ichange kidogo kila muhula. Awepo mtunzaji mmoja, ajulikane. Na siku ya kukabidhiana, kamera iwashwe mbele ya wote, na chaja ionekane. Ikigoma, msiipokee."

"Na harusi?"

"Harusi waje kwangu. Nami nile wapi?"

Kamati ya shule tatu ilikutana wiki hiyohiyo. Mkuu wa shule ya tatu alisimama, akarekebisha tai. "Ndugu zangu, tutafute mfadhili."

"Mfadhili wa chaja?" Mama alipiga meza. "Tuna fedha za sherehe ya kufunga muhula. Tufunge bila mahema na bila keki. Wanetu wanasubiri kufanya mtihani!"

Wengine waliguna, lakini mikono ilinyooshwa. Walinunua betri ya akiba, kadi, chaja ya pili na mkoba. Mchango wa kila muhula ulipangwa, na mwalimu wa viziwi akawa mtunzaji. Mama Viti aliposikia habari za mahema alishika kichwa. "Nimejikatia riziki kwa mdomo wangu!"

Watoto wote walirekodiwa kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka video kwa watahini. Siku ya kufunga muhula, wazazi walikaa kwenye madawati na kutazama video. Zamu ya binti ilipofika, mwalimu alisoma mikono yake kwa sauti.

"Hadithi yangu ya kwanza niliitupa. Hii ni mpya. Mama yangu akikasirika, watu wanasema mtaa mzima unamsikia. Mimi simsikii." Kwenye video, binti alikanyaga cherehani ya hewani, akaruka, akakimbia, akapiga meza. Wazazi walicheka sana. Kisha binti akagusa ukosi wake. "Lakini siku ile alikimbia na pini shingoni kwa ajili yangu. Hiyo niliiona."

Mama alifuta machozi kwa kiganja. Akainua mikono na kumwambia mwalimu kwa ishara, "Rudisha mwanzo."

Mwalimu alirudisha mara tatu. Betri haikuzima.